Urithi wa Bibi Kashindye

Pindo la sketi ya shule ya Rebeka lilikuwa limefunguliwa mara mbili tangu Januari. Mara ya tatu hapakubaki pindo la kufungua. Mama yake, Odeta, aliipima ile sketi ya bluu kwenye kiuno cha mtoto, akaona magoti yote mawili yako nje. Rebeka alikuwa na miaka saba. Alisoma darasa la pili, lakini kwenye mstari wa asubuhi mwalimu alimsimamisha nyuma, pamoja na warefu wa darasa la nne.

Majirani walimtania Odeta kwamba mwanawe hali dagaa, anakula ngazi. Odeta alicheka nao. Hapo Kamanga, mtoto anayekua haraka ni sifa kwa mama yake.

Kazi ya Odeta ilikuwa kuanika dagaa. Kivuko cha kwanza kilipopiga honi kuelekea Mwanza, yeye alikuwa tayari kwenye vichanja, anawatandaza dagaa kwa viganja. Mumewe, Ndalahwa, alibeba makasha katika kiwanda kimoja cha samaki huko Nyakato, ng'ambo ya maji. Alirudi nyumbani Jumamosi jioni, akaondoka tena Jumatatu alfajiri. Siku nyingine zote nyumba ilikuwa ya wanawake watatu: Odeta, Rebeka, na mama mzazi wa Ndalahwa, Bibi Kashindye.

Bibi Kashindye alikuwa mfupi mno. Mlango wa jiko la nje, ambao Odeta aliupita ameinama, yeye aliupita wima na kichwa hakikugusa kitu. Lakini sauti yake ilikuwa ndefu. Akisema neno, nyumba nzima ilitii.

Jumapili moja, kabla ya ibada, Odeta alimwogesha Rebeka kwenye karai nyuma ya nyumba. Dodoki lilipofika kifuani, mtoto alijikunja.

"Hapo panauma, mama."

Odeta alipapasa kwa kidole. Chini ya ngozi palikuwa na kivimbe kigumu, kama punje ya kunde. Upande wa pili palikuwa na kingine. Maji yalimchuruzika kwenye viwiko. Kisha akamfuta mtoto haraka, akamvisha gauni, kana kwamba akikifunika kile kitu kingetoweka.

Kanisani aliimba midomo tu. Miaka saba, aliwaza. Meno ya mbele bado hayajaota yote.

Jioni alimweleza mama mkwe wake. Bibi Kashindye alikuwa akichambua mchicha. Mikono yake ilisimama. Uso wake ulibadilika, na Odeta alidhani ni hasira.

"Mdudu," alisema bibi. "Amejiweka mdudu."

Odeta alimjua huyo mdudu. Kila mwanamke aliyekulia kando ya ziwa anamjua. Ni mdudu mweusi, mdogo, anayezungukazunguka juu ya maji yaliyotulia kama mlevi aliyepoteza njia. Wasichana wa miaka kumi au kumi na moja humkamata, wakamweka kifuani ili awaume. Wanaamini akiuma, matiti yataota. Odeta mwenyewe alifanya hivyo akiwa na miaka kumi. Aliumwa, akalia, akavimba siku moja. Matiti yake yaliota miaka miwili baadaye, kwa wakati wao.

Kumbukumbu hiyo ilimpitia Odeta kichwani jioni ile. Ilipita, naye hakuisimamisha.

Rebeka aliitwa. Bibi alimuuliza kama alimkamata mdudu. Mtoto akasema hapana. Akaulizwa tena, safari hii kwa fimbo. Akasema hapana. Mara ya tano alisema ndiyo. Alipoulizwa alimkamata wapi, alitazama huku na huku, akasema kwenye maji. Alipoulizwa lini, akasema jana, kisha akasema siku ya shule.

"Umesikia?" Bibi Kashindye alimwambia mkwewe. "Amesema mwenyewe. Sasa yanarudishwa yalikotoka, kabla watu hawajaona. Mshike mikono."

Alichukua mwiko wa ugali, ule wa mti mgumu, akauingiza kwenye makaa. Odeta alipiga magoti, akashika mikono ya mwanawe. Aliishika kwa nguvu zote alizokuwa nazo, nguvu za mtu anayebeba magunia. Rebeka hakumtazama bibi yake. Alimtazama mama yake, usoni, mpaka mwisho.

*

Vivimbe havikurudi. Vilikua. Na juu ya kimoja pakawa na kidonda kilichotoa maji, kikanata kwenye nguo.

Rebeka aliacha kukimbia. Alitembea amekunja mabega, kama mzee mwenye baridi. Shuleni alikwenda siku mbili, ya tatu akasema kichwa kinamuuma. Hakuoga tena mbele ya mama yake. Alichukua karai, akafunga mlango wa choo.

Ndalahwa aliporudi Jumamosi, aliambiwa nusu ya habari. Alikaa juu ya kigoda akiwa bado na viatu vya kazini, akamuuliza mkewe kama kwao, huko kwa wajomba, kuna wanawake wa namna hiyo.

"Ukoo wetu hauna mambo hayo," alisema. "Muulize mama."

Bibi Kashindye alikuwa mlangoni. Aliinua kanga yake akaifunga upya kifuani, akaingia ndani.

Aliyeliona kosa lile alikuwa Akumu. Huyu alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, Mjaluo mrefu mwenye utani mwingi, ambaye kila mwezi alipita nyumba kwa nyumba na begi lake la bluu. Alimkuta Rebeka peke yake uani, saa ambayo wenzake walikuwa darasani. Mtoto alikuwa ameivuta blauzi kwa vidole viwili ili isiguse ngozi.

"Wifi," Akumu alimwita Odeta, maana alimtania Ndalahwa kuwa kaka yake. "Mtoto huyu ana nini kifuani?"

Odeta alisema ni maji ya moto. Akumu hakubishana. Alimwomba Rebeka ruhusa kwanza, akaangalia, akamfunika. Kisha alikaa chini, juu ya vumbi, begi kando yake. Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Maji ya moto hayana umbo la mwiko," alisema.

Odeta alilia. Alieleza yote: karai, mdudu, fimbo, makaa. Alisema na sehemu yake mwenyewe, kwamba yeye ndiye aliyeshika mikono. Akumu alisikiliza bila kumkatiza.

Alipomaliza, Akumu alimwambia kwa upole lakini bila kumficha. Kumchoma mtoto ni kumjeruhi, hata kama aliyechoma ni bibi yake, na jambo hilo likirudiwa atalipeleka kwa ofisa ustawi wa jamii. Mdudu yule haoteshi titi. Anauma, basi. Fimbo nayo haileti ukweli, inaleta jibu ambalo mpigaji analitaka. Kisha alimwita Rebeka, akazungumza naye peke yake pembeni, taratibu. Alimuuliza kama kuna mtu yeyote anayemgusa au kumtisha. Rebeka alisema hakuna, ila mwiko.

"Wengine wataanza kusema ameguswa na mwanamume," Akumu alimwambia Odeta. "Kuguswa hakuoteshi matiti. Mtoto tunamuuliza kwa sababu ni wajibu wetu kumlinda, na anahitaji ulinzi zaidi sasa, maana mwili unamdanganya mtu anayemtazama. Anaonekana mkubwa. Lakini akili yake ni ya miaka saba. Bado anacheza kombolela."

"Sasa ni ugonjwa gani?"

"Sijui. Ninachojua ni hiki: msichana kwa kawaida huanza kuota matiti kati ya miaka minane na kumi na mitatu. Akianza kabla ya minane, apelekwe kwa daktari. Asisubiriwe. Mara nyingi si jambo la kutisha. Mara chache kuna uvimbe kichwani au tumboni unaouamsha mwili. Nani atajua bila kupima?" Akumu alisimama, akajikung'uta vumbi. "Kesho tunaanza na hicho kidonda, pale zahanati. Halafu nitakuandikia rufaa, twende mjini."

*

Odeta, Rebeka na Akumu walivuka na kivuko siku ya Alhamisi. Rebeka alisimama kwenye ukingo, akatazama mawe makubwa ya Mwanza yakisogea, hakuuliza kitu. Safari nyingine zote za nyuma alikuwa akiuliza kila jiwe jina lake.

Katika hospitali ya rufaa walipokelewa na daktari wa watoto, mwanamke mwenye sauti ndogo. Aliuona kwanza ule ukovu mpya. Aliandika mistari mingi kuuhusu, akazungumza na Akumu faragha, na kabla hawajatoka siku ile ofisa ustawi alikuwa amekaa na Odeta kwa saa nzima. Odeta alijibu kila swali. Aliona aibu, lakini aliona pia kwamba aibu yake ilikuwa nyepesi kuliko ile aliyobeba mtoto.

Vipimo vilichukua safari tatu. Walimtoa Rebeka damu. Walimpiga picha ya tumbo na picha ya kichwa. Walimpiga eksirei ya mkono wa kushoto, na hiyo ndiyo iliyomshangaza Odeta, kwa kuwa mkono haukuwa na ubaya wowote.

Daktari aliinua ile picha kwenye mwanga. "Mifupa ina umri wake," alieleza. "Mtoto wako ana miaka saba. Mifupa hii ni ya msichana wa miaka kumi. Ndiyo maana ni mrefu sasa. Lakini mfupa unaokua haraka hufunga haraka. Akiachwa hivi, ataacha kurefuka mapema, na wenzake watampita mmoja mmoja. Atabaki mfupi maisha yake yote."

Odeta aliutazama ule mkono mweupe ndani ya picha nyeusi. Kitu fulani kilimgusa akilini, kikakataa kujitaja.

Kichwani hapakuwa na uvimbe, wala tumboni. Hiyo ilikuwa habari njema, na daktari aliisema mara mbili ili ieleweke. Kisha aliuliza swali la mwisho. Je, kwenye ukoo kuna mwanamke aliyebalehe mapema sana? Mama, shangazi, bibi?

Odeta alisema yeye alianza na miaka kumi na miwili. Mama yake na dada zake hivyo hivyo.

"Na upande wa baba?"

"Mume wangu anasema kwao hakuna."

"Wanaume hawaambiwi mambo haya," alisema daktari. "Rudi ukaulize wanawake."

*

Mkwe hamuulizi mama mkwe wake habari za mwili. Odeta alilijua hilo tangu siku alipoingia katika ile nyumba. Siku mbili alizunguka na swali mdomoni kama mtu aliyemeza mwiba wa sangara. Siku ya tatu aliingia jikoni ameinama, akamkuta Bibi Kashindye amesimama wima chini ya ile dari ya chini, akipuliza moto.

Odeta alisimama akamtazama. Ndipo kile kitu kilichokataa kujitaja hospitalini kikajitaja.

"Mama," alisema, akapiga magoti. "Ulipokuwa na umri wa Rebeka, ulikuwa mrefu?"

Bibi Kashindye hakugeuka. Moto ulishika, ukalia.

"Nilikuwa mrefu kuliko kaka zangu," alisema hatimaye. "Waliniita mnara."

Kisha akageuka. Alifungua kanga yake kidogo, upande wa kushoto, chini ya bega. Ngozi pale ilikuwa imekunjamana, ya zamani, imepauka kama ganda la muhogo. Ilikuwa na umbo. Odeta alilijua lile umbo.

"Miaka saba, mayu," alisema bibi, akimwita mama kwa Kisukuma. "Bibi yangu naye alisema ni mdudu. Nami sikuwa nimemgusa. Alinichoma mara tatu, hayakurudi. Nilipofika miaka tisa nikaona damu. Baba akasema mtoto huyu amekomaa. Nilipofika kumi na moja ng'ombe wa mahari walikuja. Nilijifungua kabla sijatimiza kumi na tatu. Yule mtoto wa kwanza hakulia."

Alifunga kanga.

"Nilipoona kwa Rebeka nilisema safari hii yatarudi. Nilisema nitabana vizuri zaidi kuliko bibi yangu. Watu wasione. Wasije na ng'ombe." Aliutazama mwiko uliokuwa umelala juu ya chungu. "Nilijua yametoka kwangu. Nilijua siku ile ile uliponiambia. Lakini ningesemaje?"

Odeta alitaka kumchukia. Angalau kwa siku ile. Alishindwa, na kushindwa huko kulimuuma, kwa sababu kulimnyima mtu wa kumlaumu asiyekuwa yeye mwenyewe.

Bibi Kashindye alichukua ule mwiko, akauweka kwenye moto wote mzima, mpini na uso. Walisimama wawili wakautazama ukiungua. Siku ile ugali ulisongwa kwa mpini wa jembe bovu, na Rebeka, ambaye hakuambiwa kitu, alikula kidogo kuliko siku zote.

*

Safari iliyofuata walivuka watatu: Odeta, Rebeka na bibi. Ndalahwa aliwangojea upande wa mjini. Bibi Kashindye alimweleza daktari yote, macho yake yakiwa sakafuni. Ndalahwa aliyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alivua kofia, akaishika mapajani.

Daktari aliwaeleza taratibu. Ndani ya ubongo kuna mahali panapotoa amri ya kubalehe. Utotoni, mahali pale hushikwa na breki. Breki hizo zimeandikwa kwenye vinasaba, yaani yale maelekezo madogo sana ambayo kila mtoto huyapokea, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Katika baadhi ya koo, andiko la breki lina kosa. Amri hutoka mapema.

"Kuna kinasaba kimoja chenye tabia ya peke yake," alisema. "Nakala ya mama hulala. Nakala ya baba ndiyo inayofanya kazi. Bibi alipokea nakala yenye kosa kutoka kwa baba yake, akabalehe mapema. Akampa Ndalahwa. Kwa Ndalahwa ikalala, kwa kuwa ilitoka kwa mama. Haikumfanya kitu. Ndalahwa akampa Rebeka, na sasa imetoka kwa baba. Ikaamka."

Alisema hawezi kuapa kwamba ndicho kinasaba hicho. Kipimo chake hakipatikani kirahisi, na vipo vinasaba vingine. Unene nao huweza kuharakisha balehe, na mara nyingi sababu haijulikani kabisa. Lakini kwa familia hii, alisema, njia ya urithi inaonekana kama unyayo kwenye matope.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Ndalahwa.

"Si wewe wala si mama yako. Hakuna anayechagua anachorithi. Ila mnachagua mnachokifanya mkishajua."

Rebeka alianzishiwa sindano za kuisimamisha ile amri mpaka umri wake uifikie. Daktari alisema si kila mtoto huzihitaji; wengine huangaliwa tu kila baada ya miezi michache. Huyu alizihitaji, kwa sababu ya mifupa.

Haikuwa njia nyepesi. Safari nyingine walivuka wakaambiwa dawa haijafika, wakarudi na upepo wa jioni bila kitu. Lakini kila safari Bibi Kashindye alikwenda. Alikaa benchi moja na mjukuu wake, na yeye ndiye aliyemshika mkono wakati wa sindano. Mwanzoni Rebeka aliuchomoa mkono wake. Mara ya nne aliuacha.

*

Mwaka ulipita. Sketi ile ya bluu, iliyonunuliwa baada ya ile ya kwanza, ilimfaa Rebeka kuanzia Januari hadi Desemba. Odeta aliiwekea pindo kubwa, na pindo halikuguswa. Matiti yalitulia, yakalainika. Shuleni warefu wenzake walianza kumfikia, naye akasogezwa mbele kidogo kwenye mstari. Ukovu ulibaki pale pale.

Jumamosi moja mama na mtoto walikuwa kwenye vichanja. Upepo ulikuwa umekufa, na kwenye kidimbwi kando ya mawe wadudu weusi walikuwa wakizunguka. Rebeka aliwatazama kwa muda.

"Mama, mimi sikumshika yule mdudu."

"Najua, mwanangu."

"Ulijua lini?"

Odeta aliendelea kugeuza dagaa. Angeweza kusema hospitalini. Angeweza kusema Akumu alipokuja. Alikumbuka miaka yake kumi, mdudu wake, na miaka miwili ya kungoja bure.

"Siku ile ile," alisema. "Nilijua nikiwa nimekushika. Nikaogopa kusema."

Rebeka hakulia. Alitoa dagaa mmoja aliyevunjika, akamtupia bata. Ilikuwa kana kwamba neno lile alikuwa nalo siku nyingi, alitaka tu kulisikia likisemwa na mwenyewe.

"Mama yake Akeyo jana alimuuliza Akeyo habari za mdudu," alisema baadaye. Akeyo alikuwa rafiki yake wa nyumba ya tatu, mwenye miaka minane na nusu. "Alimwambia akidanganya tena atamwonyesha. Akeyo hajamshika, mama. Sisi hatuendi hata kwenye maji."

Odeta aliinuka. Miaka minane na nusu; huenda ni wakati wake tu, huenda sivyo. Akumu angejua la kufanya. Aliacha dagaa bila kuwafunika, akanawa mikono ziwani, akajifunga kanga.

"Twende kwa Akumu," alisema.

Rebeka alikuwa ameshatangulia. Alikuwa akikimbia.